Nilivyoumeza Mkate wa Kiapo

Mliokuwa nami wiki jana mnajua nilipoishia. Mwalimu Abdoulkarim wa madrasa aliinama ghalani kunyanyua katoni ya biskuti, akatumia nguvu zake zote, katoni ikaruka juu naye akarudi nyuma akajigonga ukutani. Ilikuwa tupu. Akanyanyua ya pili, tupu. Ya tatu hakuinyanyua, aliisukuma kwa kidole tu, ikaanguka.

Kwa aliyenikuta leo, sitamzungusha. Naitwa Mariyamu, wa mtaa wa Waswahili, Rumonge, na watu huniita Mama Sabrina. Vita vilikuwa vimeshanichukulia mume wangu, Ramazani, barabarani karibu na Magara, akirudi na mzigo wa ndagala, dagaa wa ziwani. Binti yangu Sabrina nilimvusha Kigoma kwa dada yangu. Nikabaki na nyumba na mdomo wangu.

Ulikuwa mwaka ule wa ambargo, nchi jirani zilipotufungia mipaka. Watu wa milimani walishuka wakajaa uwanja wa madrasa yetu, na komite ya mtaa ikawakusanyia chakula: unga wa muhogo, maharage, ndagala kavu, madebe ya mawese, na zile biskuti za msaada za watoto waliokonda hadi nywele kubadilika rangi. Mtunza ghala nikawekwa mimi.

Kwa nini mimi? Kwa sababu nilikuwa nafunga. Jumatatu na Alhamisi, sunna, kila mtu mtaani anajua. Mwalimu alisema mbele ya watu, "Mwanamke anayekaa na njaa wakati si Ramadhani, chakula cha wenzake hakitamshinda." Wote wakaitikia, na wengine wakanishika mkono kunipongeza.

Masikini, hawakujua. Kufunga kwangu hakukuwa kazi hata kidogo. Nisipoanza kula, mimi niko salama kama mlevi aliye mbali na baa. Shida yangu ni kuanza. Nikionja kitu kimoja, mkono unakwenda wenyewe, na tumbo likisema basi, mkono hausikii. Nilifunga kwa sababu ndiyo njia pekee niliyoijua ya kutokula. Wao waliona uchaji Mungu, kumbe mimi nilikuwa najificha.

Haya, turudi ghalani.

Asmani, kiongozi wa vijana wa mtaa, hakungoja Mwalimu ajikung'ute vumbi. Alimrukia Bahizire, zamu wetu, yaani mlinzi aliyelala kila siku mlangoni pa ghala. Akamkamata ukosi. Shati lenyewe lilikuwa limechoka, likachanika hadi kitovuni. Shingoni mwake ikaonekana kamba, na kwenye kamba, ufunguo.

Kufuli la ghala lilikuwa na funguo mbili. Mmoja ulikaa kwa Mwalimu. Wa pili ulikuwa wangu.

"Mama Sabrina," Mwalimu akasema taratibu, "huu si wako?"

Nikapapasa fundo la kitenge changu, pale ninapofungia vitu vyangu, kana kwamba sijui kuwa hamna kitu.

"Ni wangu."

"Ulimpa wewe?"

Ndugu msomaji, neno moja tu lilitosha. Nalo ni fupi, hata mtoto anaweza kulisema. Ndiyo.

"Nilidhani nimeupoteza," nikasema.

Bahizire akanitazama. Bora angekasirika. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize alichoanza kusema. Alipoona nimemaliza, akainamisha kichwa.

"Sema, we mutu!" Asmani akamtikisa. "Ufunguo uliutoa wapi? Biskuti ulipelekea nani? Iko unalisha ba porini, sivyo?"

"Sina la kusema, kaka," Bahizire akajibu. "Mungu anajua."

"Basi utawaambia maaskari."

Siku zile mtu kuitwa mwizi halikuwa jambo kubwa. Kuambiwa unawalisha watu wa porini, yaani waasi, hilo lilikuwa jambo jingine. Waliopelekwa juu kwenye kambi kwa neno hilo, wake zao walikwenda na chakula asubuhi wakaambiwa warudi nacho.

Sasa niwaambie nililowaficha wiki jana.

Mwanzo kabisa nilijiwekea sheria. Biskuti nzima ni za watoto, nisiziguse. Zilizovunjika ndani ya pakiti hazina wa kupewa, hizo ni halali yangu. Ilikuwa sheria nzuri, nami niliifuata kwa moyo safi. Kabla ya wiki kuisha nikawa nazivunja mwenyewe.

Nilikuwa nachukua kutoka safu ya nyuma, naacha ya mbele imesimama wima. Nilizifungua katoni kwa chini, nikazirudisha zilivyokuwa. Kila nikitoka niliapa kwamba ndiyo mwisho. Niliapa kweli, kwa machozi, na makombo yakiwa bado kifuani. Nje watoto walikuwa wamekaa ukutani, miguu kama vijiti vya kuokea samaki, hawachezi. Niliwapita nikiwasalimia kwa lugha yao, "Amahoro, wanangu," nikaenda zangu.

Hadi asubuhi moja nikachoka. Nilijichoka mimi mwenyewe, sijui kama mnanielewa. Nikamwendea Bahizire akinawa uso, nikamvisha ufunguo shingoni.

"Kaa na huu. Ukiniona naja peke yangu, bila mtu wa komite, ninyime."

"Mama, iko nini?"

"Usiulize. Na usimwambie mtu yeyote. Niapie."

Akanitazama kidogo. "Ninakuapia, Mama. Kwa jina la Yesu."

Siku ile nilipumua. Nilifagia uwanja wangu nikiimba, kitu ambacho sikukifanya tangu Ramazani afe. Alasiri milio ya risasi ikaanza kwenye milima nyuma ya Kigwena. Kila milio ilipoanza, wengine walitafuta watoto wao. Mimi mikono yangu ilitafuta kitu cha kutia mdomoni. Nikarudi ghalani nikikimbia.

"Nipe ufunguo."

"Mama, ulisema nisikupatie."

"Nimebadili. Nipe."

"Ulinikataza weye mwenyewe. Ukaniapisha."

"Nani mwenye ghala, mimi au wewe?" Sikuishia hapo. Natamani ningeishia hapo. "Mlipotoka Kivu mkashuka ufukweni na watoto wamelowa, nani aliwafungulia mlango? Leo unaninyima?"

Akauvua. Akanipa. Nilipokuwa ndani alisimama mlangoni amenipa mgongo, kwa heshima, kama mtu aliyesimama nje ya bafu ya mama yake. Nilipotoka nilimrudishia ufunguo, naye akaurudisha shingoni.

"Pangusa hapa, Mama," akaniambia, akijigusa kidevu chake.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi nilimsihi aninyime, alasiri nilimtukana akininyima. Bahizire alijua kila kitu. Siku ile ghalani, ukosi wake ukiwa mkononi mwa Asmani, angeweza kusema na angeaminiwa, maana makombo hayafichiki kwa mtu anayeyatafuta. Lakini alikuwa ameniapia, na mimi nilikuwa nimemfungulia mlango mvua ikinyesha. Kwa Bahizire hayo mawili yalitosha.

Aliyemwokoa wakati ule alikuwa Bi Chausiku. Yeye ndiye mkubwa wa mtaa wetu, wazee wake walitoka Ujiji, na akisema kitu hata Asmani hutoa kofia.

"Kabla ya kumpeleka mtoto wa watu huko juu," akasema, "apewe mkate."

"Bi mkubwa," Mwalimu akasema kwa upole, "kiapo cha mkate hakimo katika dini."

"Na kumtoa mtu kwa maaskari bila shahidi, hilo limo?"

Mwalimu akakubali kwa kichwa.

Kwa msiokijua, kiapo cha mkate ni hiki. Unapikwa mkate mkavu wa unga wa muhogo, bila chumvi, bila mafuta, mzito kama tofali. Unanuiziwa maneno, kisha kila anayeshukiwa anapewa kipande, bila tone la maji. Asiye na kosa humshuka. Mwenye kosa humkwama. Wazee waliamua kesi kubwa kwa mkate huu, na sikuwahi kusikia mtu akiucheka.

"Wote wanaoingia ghalani wataula," Bi Chausiku akasema. "Mwalimu, Asmani, Mama Sabrina na huyu zamu. Nisisikie mtu anasema kaonewa."

Tulikusanyika uwanjani baada ya sala ya Ijumaa. Jana yake nilikuwa nimefunga, na kwa hofu sikufuturu ila kwa maji. Nilikaa kwenye mkeka, tumbo likinguruma hadi nikaona aibu kwa aliyekaa jirani.

Mwalimu akaanza. Alitafuna, akakohoa, akameza. Asmani akafuata, machozi yakamtoka, akajipiga kifua, ukashuka. Kisha Bi Chausiku akanigeukia mimi na sinia.

Nataka mniamini hapa hata kama hamtaniamini kwingine. Niliomba unikwame. Kwa moyo wangu wote niliomba, maana mdomo ulikuwa umenishinda kusema na niliona heri mkate useme kwa niaba yangu. Nilisema, Mola, nitakohoa mbele ya watu, watajua, na Bahizire ataenda kwa watoto wake. Nikafumba macho nikauweka mdomoni.

Mate yakajaa.

Mkate ule uliowatoa wenzangu machozi, mimi ulinilainikia kama andazi. Nilitafuna mara chache, ukateleza wenyewe, na nyuma yake tumbo likafunguka kuomba mwingine. Macho yangu, bila ruhusa yangu, yakaenda kwenye sinia kuona umebaki mkubwa kiasi gani.

"Mnaona?" Bi Chausiku akapaza sauti. "Kama maji! Ndiyo maana ya mtu kufunga sunna."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akanishika bega akalia.

Kikaja kipande cha Bahizire. Alikuwa amefungwa mikono tangu asubuhi, midomo imekauka hadi imepasuka, na pembeni mkewe Consolée alikuwa amemshika mtoto mdogo kifuani kwa nguvu hadi mtoto akalia. Asmani alimlisha kwa mkono wake. Bahizire akatafuna. Akatafuna. Niliona shingo ikipanda na kushuka, na hakuna kilichoshuka. Kinywa cha mtu mwenye hofu hakina mate, hilo ndilo jambo lote, na katika watu wote wa uwanja ule hakuna aliyelifikiria.

Akakohoa, unga ukamtoka puani. Akaanguka kwa magoti.

"Umemkaba!" watu wakapiga kelele. "Umemkaba!"

Alipopata pumzi aliinua kichwa, akanitafuta katikati ya watu hadi akanipata. Sikuona lawama. Nikaangalia chini, nikakuta kombo kwenye kitenge changu. Nikalila. Ndiyo, nililila.

Asmani akamfunga upya kwa kamba ya wavuvi na kumketisha chini ya ukuta. Gari la maaskari lilikuwa linapita kila jioni kabla jua halijazama, likifika tu atapanda. Mwalimu akaja kwangu, uso umemshuka, akaniwekea kiganjani funguo zote mbili.

"Kaa nazo wewe, Mama Sabrina. Sasa sina shaka na mtu mwingine."

Nikaenda nyumbani nikakaa kitandani. Nilijiambia nitapumzika kidogo, kisha nitarudi kusema. Nilikuwa nimechoka mifupa yote. Uchovu ule wa kuamka na kujikuta bado ni wewe yuleyule.

Alasiri Consolée akabisha hodi. Alikuwa na bakuli lililofunikwa kitambaa, na kabla hajalifunua nilishajua kilichomo. Ugali wa muhogo, na ndagala mbichi za jana ziwani, zimekaangwa kwa mawese na pilipili. Harufu ilijaa chumba chote.

"Kwetu hatuendaki kuomba mutu na mikono mitupu," akasema, akapiga goti. "Tule pamoja, Mama, kisha nikuombe."

"Consolée, rudisha kwa watoto."

"Batoto nimewaambia wangoje, nitarudi na yenye itabaki. Chakula cha kuomba hakirudishwaki. Iko mbaya."

Angalia mtego huo. Nikikataa, nimemkataa yeye na shida yake. Nikikubali, nimeanza. Nikanawa mikono. Nikasema nitakula tonge moja, la heshima.

"Mama, weye mkate ulikushuka," akaanza. "Watu wote wanakuamini. Njoo tu mbele yao, useme unamujua Bahizire, si mutu wa kuiba. Neno lako moja."

"Ndiyo," nikasema.

"Nilimuulizaka, ufunguo ulitoka wapi? Hataki kuniambia, hata miye bibi yake. Anasema ameapa. Mutu gani anaapisha mwenzake kitu ya kumuua?"

"Mtu mbaya," nikasema.

"Alisema tu neno moja. Alisema, kama itafika jioni na sijarudi, usimuchukie."

"Usimchukie nani?"

"Hakutaja."

Akaendelea kusema. Alisema jinsi Bahizire alivyowavusha, jinsi alivyompa mtoto koti lake mtumbwini akabaki anatetemeka. Nilimsikiliza kila neno, naapa nilimsikiliza, na machozi yalikuwa yananitoka. Nilikuwa nasema ndiyo, ndiyo mwanangu, nitakwenda, nitasema. Na nilikuwa namaanisha.

Halafu nikagundua amenyamaza.

Nikainua uso. Consolée hakuwa ananitazama usoni, alikuwa anautazama mkono wangu. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umelala pajani, mkavu, haujagusa chakula hata mara moja. Nikafuata macho yake hadi kwenye bakuli. Hapakuwa na ugali. Hapakuwa na ndagala. Kidole changu kilikuwa kinazunguka pembeni ya bakuli kufuta mawese, na kiliendelea kuzunguka hata nilipokuwa nakitazama.

"Ilikuwa ya batoto watano," Consolée akasema polepole.

Tonge la mwisho lilikuwa bado mdomoni.

"Ni weye," akasema.

Hakupiga kelele. Aliinama akachukua bakuli tupu na kulilaza magotini, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshikie.

Mlango ukasukumwa, Asmani akaingia bila hodi, jasho linamtoka.

"Mama Sabrina, gari limefika! Mwalimu anakuita haraka. Maaskari wanataka mwenye ufunguo aseme mbele yao kama uliibiwa. Ukisema, wanaondoka naye sasa hivi."

Consolée hakugeuka kumtazama.

"Mama anakuja," akamjibu. "Acha amalize kumeza."

Nikameza. Yaani nilijaribu. Tonge likafika kooni likasimama. Nikalisukuma kwa mate, mate hayakuwepo. Nikajipiga kifua kwa ngumi, halikwenda mbele wala halikurudi, na unga ukaanza kunipanda puani.

Asmani alikuwa ameshika mlango tayari kutoka. Akauachia. Mchana ule alisimama mbele ya Bahizire, ameikodolea macho shingo yake ikipanda na kushuka. Sasa alisogea hatua moja, na nyingine, na alikuwa anaitazama yangu.